Daftari la asubuhi

Mwaka 2008 nilikuwa kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, wa karakana moja hapa Lubumbashi, tukitengeneza malori ya migodini. Tulikuwa watu 34. Mwezi wa Julai tani ya shaba iliuzwa karibu dola 9,000. Kufika Krismasi ilikuwa chini ya 3,000, na wateja wetu wakawa wanafunga. Patron, bosi wetu, akaniita: watu 12 watapunguzwa, usimwambie mtu.

Usimwambie mtu, Lubumbashi hii! Habari ilifika mtaa wa Katuba kabla mimi sijafika nyumbani.

Asubuhi yake walikosekana tisa. Kila mmoja alikuwa na kilio. Wajomba walikufa sana mwezi ule. Wengine walisaini, kisha wakapotelea nyuma ya stoo. Nikakaza: naita majina mara mbili kwa siku, asiyekuwepo nakata pesa yake ya usafiri. Wiki iliyofuata walikosekana 11.

Mchomeleaji mmoja mzee ndiye aliyenifungua macho. "Papa Kapita, unaandika majina ya wenye hawakuja. Andika basi na ya wenye wataenda." Mvua zilikuwa zimeshika, watu walikuwa shambani wakipanda. Mahindi hayangoji barua ya patron.

Nikarudi kwa patron na Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 mkononi. Inadai wajumbe wa wafanyakazi waarifiwe kwa maandishi siku 15 kabla, na mpangilio ufuate ujuzi, miaka ya kazi na mzigo wa familia. Alinuna siku mbili, akakubali. Siku 15 zilipopita, orodha ikabandikwa mlangoni. Kwa wale 12 niliomba mambo mawili tu: Ijumaa ya kutafuta kazi bila kukatwa, na barua ya ushuhuda wa kazi mkononi kabla ya kutoka. Aliyekwenda shamba akaniambia anakwenda shamba. Vilio vikaisha.

Wakabaki wanaokosekana watatu kwa siku, na wawili kati yao hawakuwa kwenye orodha! Hilo sikulitarajia. Mmoja alikuwa fundi wetu bora wa pampu za dizeli. Nilimfuata kwake jioni. Akasema, "Kapita, hii ni orodha ya kwanza."

Sikuwa na jibu, nikamwonyesha daftari la oda: kazi ilikuwepo mpaka mwisho wa Februari, zaidi ya hapo hakuna kilichoandikwa. Kesho yake alikuja. Februari yote hakukosa hata siku moja. Machi akapanda gari la Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na sanduku lake la vifaa, na aliniaga.