Usaili wangu wa kwanza mbele ya kamera

Kurasa mbili za mswada wa kuigiza zilinifikia usiku, usaili ni kesho yake asubuhi. Uhusika: baba anayemwambia bintiye kwamba nyumba yao imeuzwa. Nilikuwa mtu wa jukwaani, kamera niliyoizoea ni ya simu. Nikakariri mpaka nikawa nayatamka maneno huku naosha vyombo. Kosa langu lilianzia hapo, maana niliyakariri pamoja na mdundo wake, kama ngonjera.

Kwenye benchi la kusubiri, jamaa mmoja akaliangalia shati langu la mistari myembamba. "Kaka, hilo litacheza kwenye kamera." Kweli, mistari iliyobanana huonekana kama inatetemeka kwenye picha. Alikuwa akiwania uhusika huohuo, lakini akavua jaketi lake akanipa. Sijui kama mimi ningempa langu.

Ndani, watu watatu na alama ya utepe sakafuni. Taja jina na urefu wako ukiitazama kamera, kisha usiitazame tena. Maneno ya binti yalisomwa na mzee mmoja aliyekaa kando ya lenzi, anasoma kama mtu anayekagua risiti.

Nikaanza kwa ile sauti ya kufika viti vya nyuma. Mikono juu, machozi, kila kitu. Nilipomaliza, mwongozaji akajigusa bega. "Picha yangu inaishia hapa. Mikono yako siioni. Rudia, ila safari hii mdogo wake huyo binti amelala chumba cha pili."

Wengi huvunjika moyo wakiambiwa warudie. Mimi nilishaonywa na waliotangulia kwamba aliyekwisha kukataliwa huambiwa asante tu. Anayerudishwa anapimwa kama anaelekezeka. Basi nikashusha sauti, na mdundo wangu wote ukakatika. Ikabidi nimsikilize yule mzee. Aliposoma "Kwa hiyo tunahamia wapi?" kwa ukavu wake uleule, swali likaniingia, mstari wangu ukanitoka kabisa. Karatasi ninayo mkononi (inaruhusiwa, ishikeni tu), lakini sikuichungulia. Nilimtazama yeye. Kimya kile nilikiona kirefu kama mwaka. Kisha maneno yakaja yenyewe, kwa sauti ya mtu anayeona aibu.

"Asante," wakasema. Nikamrudishia mwenzangu jaketi, akaingia.

Wiki mbili baadaye simu ikaita. Uhusika wa baba umekwenda kwa mwingine. Je, ningependa kuwa dalali anayeiuza ile nyumba? Mistari minne. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza.