Kiuno Kisicho na Mwenyewe

Mwaka 2011 nilikuwa mtu wa mapokezi katika duka la uchapaji pale Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mapokezi ni jina la heshima tu. Nilichapa barua za kuomba kazi, nikatoa fotokopi za vyeti, nikaandika risiti, nikafagia. Bango likisanifiwa, mimi ndiye niliyepeleka flashi stendi na kumkabidhi kondakta wa basi la Dar, kwa sababu mashine ya flexi hatukuwa nayo. Siku mbili tatu baadaye bango linarudi limeviringishwa kama mkeka, linanuka wino.

Mteja wetu alikuwa muuza spea na matairi ya pikipiki. Tanga ni mji wa baiskeli tangu enzi, lakini miaka ile bodaboda zilikuwa zinaingia kwa fujo, na kila kijana aliyeuza shamba la baba yake alikuwa na pikipiki ya Kichina na deni la tairi. Mteja akasema anataka kitu kitakachomsimamisha kijana barabarani. Bosi wangu alimwelewa kabla hajamaliza sentensi.

Fundi wetu wa kompyuta akatia CD ya picha iliyonunuliwa Kariakoo, zile zenye maelfu ya watu wasiojulikana: Wazungu wanapeana mikono, watoto wanakunywa maziwa, madaktari wanacheka bila sababu. Humo akampata mwanamke mweusi amepanda pikipiki kubwa, kaipa kamera mgongo, amevaa kaptula fupi ya jinzi.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha fundi, kwa hiyo picha niliiona nzima. Yule dada alikuwa amegeuza kichwa kumtazama mtu ambaye kamera haikumchukua. Anacheka kicheko cha kweli, macho yamekaribia kufumba, mwanya unaonekana wazi kati ya meno ya mbele, helmeti ameibana kwapani. Ukimtazama unatamani kujua ameambiwa nini.

"Kata kichwa," bosi akasema.

Fundi akasita kidogo.

"Kata bwana, kinakula nafasi ya maandishi. Halafu uso haumuuzii mtu tairi."

Kikaondoka kichwa na helmeti, yakaondoka mabega, na huku chini akakatwa magotini. Kilichobaki kikavutwa mpaka kikajaa fremu. Juu yake yakaandikwa kwa herufi nyekundu: PANDA MWENYEWE UJIONEE. Nikauliza, "Bosi, na tairi lenyewe liko wapi?" Wakacheka wote wawili, kisha fundi akabandika tairi kwenye kona ya chini, dogo, pembeni ya namba ya simu.

Bango likatundikwa njia panda, mkabala na kijiwe cha bodaboda. Afisa wa halmashauri alikuja na futi kamba yake kupima upana na urefu, maana ushuru wa mabango hutozwa kwa ukubwa. Akainua macho, akatabasamu, akaandika vipimo vyake, akaenda zake. Kwa upande wa serikali habari ikaishia hapo.

Chini ya lile bango, ng'ambo ya barabara, alikuwa anakaa dada mmoja muuza vitumbua na chai ya tangawizi. Sitamtaja jina, anaishi bado palepale. Ni mtu wa kanga mbili na mtandio, kelele hana, na mkono wake una kipimo: kitumbua chake cha kwanza alfajiri na cha mwisho saa nne ni sawasawa. Wateja wake wakubwa walikuwa vijana wa kijiweni, wengi kwa mkopo.

Nani alianza, hakuna anayekubali. Wanachosema ni kwamba kijana mmoja alitania kuwa kile kiuno anakijua, anakiona kila asubuhi kikiinama kwenye jiko la mkaa. Watu wakacheka. Kufika Ijumaa hakukuwa na utani tena, ilikuwa habari: dada wa vitumbua amepigwa picha. Ikaongezwa kwamba alipigwa Raskazone, pale kwenye upepo wa bahari. Halafu ikapatikana na bei, kwamba amelipwa laki mbili na nusu. Ile nusu ndiyo iliyonichekesha. Uongo ukishapata chenji, hauna wa kuubishia. Vijana wakamwita Mama Tairi. Mwanzoni kwa kunong'ona, baadaye akiwapimia chai.

Kichwa kingekuwepo, habari ile isingepita hata nyumba moja. Lakini kiuno kisicho na uso hakina mwenyewe, na mtaa hauwezi kukaa na kitu kisicho na mwenyewe. Ukamtafutia aliye karibu.

Wiki iliyofuata wakaja dukani wazee watatu, wamevaa kanzu, wana heshima zao. Walitaka kuandikiwa barua kwa mtendaji wa mtaa. Mwandishi ndiye mimi. Nikakaa kwenye kompyuta ileile iliyozaa bango, wao wakisema, mimi nikichapa. Bango linatia aibu. Watoto wa madrasa wanapita chini yake asubuhi na jioni. Mpaka hapo nilikuwa nao, kwa kweli. Kisha mzee aliyekuwa anasomesha maneno akafika aya ya tatu: mwanamke husika aitwe, aonywe, na akikaidi aondolewe mtaani.

Nikaacha kuchapa. "Samahani, babu, na mwenye duka la matairi je? Hamkumweka."

"Aa, yule, mwanangu," akasema, tena kwa upole, "yule anatafuta riziki."

Maneno yale nimetembea nayo mpaka leo. Mwenye tairi anatafuta riziki, mwenye duka la uchapaji anatafuta riziki, na mwanamke anayeamka saa tisa usiku kusaga mchele ndiye anayeharibu mji.

Niseme wazi kwamba sikuwa upande wa wanaoogopa ngozi. Mtu wa Tanga akikwambia hajawahi kuona kiuno kikizunguka anakudanganya mchana. Baikoko ni ngoma yetu, na kabla haijaanza kupandishwa majukwaani vijana wakilipa kiingilio, wanawake wameicheza miaka na miaka, wenyewe kwa wenyewe, bibi akimfundisha mjukuu. Kwenye shughuli za ndani nimeona mambo ambayo bango lile lingekaa kando likajifunza, na hakuna aliyetoka pale ameshushwa. Yule anayecheza ana jina, anatunzwa kwa jina, akichoka anakaa. Kwenye bango hakuna anayechoka wala anayekaa. Kuna kipande cha mtu kimefungwa kamba ncha nne, kinauza kitu ambacho hata kuonekana hakionekani.

Kwa hiyo nikiulizwa kama picha zile zinatukana, najibu ndiyo. Lakini tusi la bango letu halikuwa kwenye kaptula. Lilikuwa kwenye "kata kichwa". Na cha ajabu ni kwamba bosi wangu na wale wazee, waliodhani wako pande mbili za mto, walikuwa wanatazama palepale. Mmoja alikuwa anauza kiuno, wengine wanataka kukifunika. Aliyeuliza mwenye kiuno ni nani aliuliza ili amfukuze.

Haya hayakuwa mageni duniani. Mwaka 1995, nikiwa bado mtoto wa shule, redio zetu zilikuwa haziishi kumtaja Mama Gertrude Mongella, mtu wa Ukerewe, aliyekuwa katibu mkuu wa ule mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, uliofanyika Beijing. Ukubwani nilikuja kusoma walichopitisha kule. Kuna sehemu nzima, imepewa herufi J, kuhusu wanawake na vyombo vya habari, na inasema waziwazi kuwa picha zinazomdunisha mwanamke lazima zibadilike, matangazo ya biashara yakiwemo. Serikali zikakubali. Miaka kumi na sita baadaye afisa wetu alikuja njia panda na futi kamba.

Dada wa vitumbua aliyabeba kimya mpaka wakwe walipofika. Mumewe alikuwa kibaruani Mombasa, habari zikamfikia kwa simu kabla mkewe hajajua zimefika. Mama mkwe akapanda gari kutoka Pangani pamoja na shemeji mkubwa, wakaja kuuliza. Mtu wa pwani anajua maana ya wakwe kuja kuuliza.

Mtendaji akaitisha kikao ofisini kwake, Jumamosi, kwa ile barua niliyoichapa mwenyewe. Ijumaa jioni nikamwomba bosi nichape picha moja ya rangi, karatasi ya A3.

"Picha gani?"

"Ile ya bango. Nzima."

Alinitazama kwa muda. "Nitaikata kwenye mshahara wako." Aliikata kweli.

Siku ya kikao yule dada alikuja amejifunga kanga yenye maandishi MDHANIAYE NDIYE SIYE. Akakaa hivi kwamba mama mkwe asome bila kugeuza shingo. Mama mkwe alisoma, akabinua midomo, akarekebisha mtandio wake. Kwa wanawake waliokuwemo, nusu ya kikao ilikuwa imeshafanyika.

Nilipopewa nafasi sikuhutubia. Nilisema tu kwamba mimi ni wa duka la uchapaji, na hii ndiyo picha yenyewe kabla haijakatwa, imetoka kwenye CD ya Kariakoo, na aliyepigwa hatumjui wala yeye hajui kama kuna Tanga. Nikampa mtendaji. Mtendaji akampa mzee. Mzee akavua miwani, akaisogeza karatasi, akairudisha mbali, akamtazama yule dada, akarudi kwenye karatasi.

"Huyu ana mwanya," akasema.

Picha ikazunguka. Shemeji akaikagua kama mtu anayekagua noti. Mama mkwe aliishika muda mrefu kuliko wote, na nadhani alikuwa anautazama uso, si kwingine, maana alisema, kana kwamba anajisemea, "Mtoto wa watu kacheka weee."

Kijana wa bodaboda aliyeitwa kama shahidi hakutaka kushindwa. "Lakini huku chini, wazee wangu, wanafanana."

Watu wakaangua kicheko. Hata mtendaji. Hapo ndipo yule dada alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Na ingekuwa ni mimi?" akauliza. "Nimevaa kaptula, nimelipwa laki mbili na nusu yangu. Mngenifanya nini?"

Mtendaji akakohoa, akasema tusitoke nje ya ajenda.

Waliamua bango literemshwe ndani ya siku saba. Muhtasari wa kikao uliletwa kwetu kuchapwa, kwa hiyo sababu niliiona kwa macho yangu: bango linaondoa umakini wa waendesha pikipiki na kuhatarisha usalama barabarani. Kudhalilishwa kwa mtu hakukutajwa. Ile aya ya kumfukuza dada wa vitumbua ilitoweka kimyakimya, wala hakuna aliyemwomba radhi.

Mwenye duka alitengeneza bango jipya, safari hii tairi tupu, kubwa, kashata zake zinahesabika, na bei pembeni. Miezi kadhaa baadaye nilimuuliza kama mauzo yalishuka. "Hayakushuka," akasema, "ila na lile la kwanza hayakupanda. Hawa vijana wananunua bei." Flexi ya zamani alimtumia yule dada kama zawadi, afunike kibanda wakati wa mvua. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na kabla ya jua kuzama akawa ameshaiuza kwa muuza mkaa.

Wakwe walilala siku mbili, wakala vitumbua, wakarudi Pangani. Jumatatu kijiwe kilirudi kunywa chai. Fundi wetu wa kompyuta naye akaenda, akaagiza vitumbua vitano na chai, akasema atalipa mwisho wa mwezi kama kawaida. Yule dada akafunika sufuria.

"Wewe," akamwambia, "pesa mkononi. Na ya Juni pia."