Ng'ombe katupa mimba, nani apigiwe simu?

"Dokta, majibu ya ng'ombe wangu yako wapi?"

Swali hili nimeulizwa Pasua, nimeulizwa Msaranga, na Uru niliulizwa na mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani ambaye alisimama katikati ya njia mpaka nimjibu. Kwanza mimi si daktari. Nina stashahada ya mifugo ya Tengeru, basi. Ila ukionekana na mabuti, glovu na boksi la barafu, Moshi nzima inakutunuku udaktari hapo hapo.

Kazi yangu ni kukusanya sampuli za utafiti, na iko hivi. Ng'ombe, mbuzi au kondoo akitupa mimba, mwenye mfugo anampigia bwana mifugo wa kata, bwana mifugo ananipigia mimi, nami nakimbia nifike kabla kitoto hakijaliwa na mbwa au kufukiwa migombani. Nachukua damu ya mama, maziwa, na kipande cha kondo kama bado kipo. Halafu najaza kishikwambi: mnyama alinunuliwa wapi, mimba ilikuwa ya miezi mingapi, nani alimvuta ndama, alivaa nini mikononi. Jibu la swali la mwisho karibu kila nyumba ni lile lile. Hakuvaa kitu. Wengine wananicheka kabisa: glovu za nini, si nitanawa?

Tunapima magonjwa mengi kwenye sampuli hizo, ikiwemo brusela, ugonjwa wa bakteria unaotupisha mimba na kumfikia mtu kupitia maziwa mabichi, lakini ninaouogopa zaidi ni Homa ya Bonde la Ufa. Kirusi chake kilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, na tangu hapo kimekuwa na mtindo wa kupotea kwa miaka halafu kuibuka kwa kishindo. Kinakaa wapi muda wote huo? Sehemu ya jibu ni mayai ya mbu aina ya Aedes, yanayotagwa kwenye udongo wa mabonde yanayotuamisha maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu misimu kadhaa. Ikija vuli ya El Niño, mabonde yakafurika kwa wiki nzima nzima, yanaanguliwa, na baadhi ya mbu wanatoka na kirusi tayari. Wanauma mifugo, damu ya mifugo inajaa virusi, kisha mbu wengine wanadaka hapo na kusambaza, wakiwemo hawa Culex wa kwenye mitaro yetu. Mimba zinaanza kutupwa boma zima kwa wiki moja. Wana-kondoo wachanga ndio karibu wote hufa.

Binadamu anaweza kuumwa na mbu akaupata, lakini wengi huupata kwa mikono yao: kuchinja, kuchuna, kumvuta ndama aliyekufa tumboni. Wengi wao hupata homa na maumivu ya mwili wakapona bila kujua kilichowapata. Wachache macho hupoteza nuru. Wachache zaidi ini huharibika, wakaanza kuvuja damu, na hapo ndipo vifo vinapotokea.

Mwishoni mwa 2006 mvua zilinyesha kupita kiasi Afrika Mashariki. Ugonjwa ulilipuka kaskazini mashariki mwa Kenya mwezi Desemba, na katikati ya Januari 2007 ukaonekana Ngorongoro, mkoa wetu jirani wa Arusha. Kutoka hapo ukashuka, Dodoma ikaumia kuliko wote. Watanzania 144 walikufa. Kinachoniuma kuhusu mlipuko ule ni kwamba ulitabiriwa. Watafiti waliokuwa wakisoma joto la bahari na ukijani wa ardhi kwa setilaiti walionyesha maeneo ya hatari wiki kadhaa kabla wagonjwa hawajaanza kuonekana Pembe ya Afrika. Tahadhari ilikuwepo, imeandikwa, ina ramani. Mfugaji wa Ngorongoro haisomi ramani ile. Yeye alichonacho ni kondoo wanaotupa mimba, na hiyo ni taarifa iliyo bora kuliko ya setilaiti, ila haiwi na maana asipokuwepo wa kumpigia.

Hapa Moshi mtu atakwambia hayo ni mambo ya Wamasai na makundi makubwa ya ng'ombe. Sisi tuna ng'ombe wawili bandani, tunawakatia majani, wanajua jina la kila mtoto wa nyumbani. Basi mwaka 2018 watafiti waliokuwa wakifuatilia mimba za mifugo zinazoharibika kanda hii ya kaskazini walikikuta kirusi hicho kwa ng'ombe wa maziwa wa pembezoni mwa mji wa Moshi. Hakukuwa na mlipuko wowote uliotangazwa. Ni ng'ombe hawa hawa wa bandani, wanaokamuliwa alfajiri na maziwa yao yakagawiwa kwa majirani kwenye chupa za soda.

Na mtu akiugua je? Kuna utafiti mmoja ningependa kila anayeandika dawa katika mkoa huu aujue. Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008 walifuatiliwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa kwenye hospitali zetu za KCMC na Mawenzi. Zaidi ya nusu madaktari waliandika malaria. Vipimo vilipofanywa kwa umakini, malaria ya kweli ilikuwa kwa watu 14. Miongoni mwa waliobaki walikuwemo wenye maambukizi ya bakteria kwenye damu, wenye magonjwa ya mifugo, na watu 55 walikuwa na chikungunya, kirusi kilichoanza kujulikana kwenye mlipuko wa Newala mwaka 1952 na 1953 na ambacho wakati ule hakuna aliyekuwa akikitafuta hapa mlimani. Nikisikia mtu anasema "ni kamalaria tu" huwa nakumbuka hiyo 14.

Sasa turudi kwa yule mama mwenye mkungu. Majibu ya ng'ombe wake yalikuwa wapi? Yalikuwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kutoka hapo yakasubiri vitendanishi vitoke nje ya nchi, yakasubiri mchambuzi wa takwimu, yakasubiri andiko la kisayansi lichapishwe. Mradi ule niliokuwa nikiufanyia kazi siutaji. Ulikuwa na fungu la ndege za watu kwenda kwenye makongamano, na fungu la fulana zenye nembo. Fungu la vocha za kuwapigia wafugaji halikuwepo.

Naelewa sababu zinazotolewa, na moja ina uzito. Homa ya Bonde la Ufa ni ugonjwa wa kutolewa taarifa serikalini. Huwezi kusimama bandani ukatangaza, kesho yake mnada wa Weruweru ufungwe kwa maneno ya kijana mwenye mabuti. Jibu la kutisha lazima lipite kwa wenye mamlaka kwanza, nakubali. Lakini majibu mengi hayakuwa ya kutisha. Yalikuwa "hatukukuta kitu", au "ni brusela, chemsha maziwa, usimuuze huyo ng'ombe kwa jirani". Hayo nani aliyazuia? Hakuna. Hakuna aliyeona ni kazi yake kuyapeleka.

Na hasara yake si ya upole tu wa kibinadamu, ni ya utafiti wenyewe. Mama mmoja wa Msaranga tulimchukulia sampuli ng'ombe wake wa kwanza. Akanipokea vizuri, akanipa na chai. Mwaka uliofuata ng'ombe wake wa pili akatupa mimba ya miezi saba, naye akachimba shimo akafukia mwenyewe, bila kumpigia mtu. Nilikuja kulisikia dukani, miezi imeshapita. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Mara ya kwanza alisaini fomu ya ridhaa yenye kurasa nne, ng'ombe akatolewa damu, mkia wa habari hakuuona. Mfumo mzima wa kunasa milipuko mapema unaning'inia kwenye simu ya mama huyu, siyo kwenye ile mashine ya PCR inayotafuta vinasaba vya kirusi maabara.

Homa ya kirusi cha Marburg ilipoingia Kagera Machi 2023, watu tisa wakaugua na sita wakafa, nilipigiwa simu na ndugu wengi wakiuliza itafika Moshi lini. Niliwajibu niwezavyo. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza juu ya mbuzi wa Krismasi, nami mbuzi wa Krismasi ndiye anayenipa mawazo.

Hesabu mwenyewe. Vuli inanyesha Oktoba hadi Desemba. Mwaka wa El Niño virusi vinapanda hasa Desemba na Januari. Ni majuma yale yale ambayo Wachaga wa Dar, Mwanza na Dodoma wanapanda mabasi kuja kuhesabiwa nyumbani, na kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kinachinja. Kisusio, ile supu yetu, kinataka damu, na damu hukingwa kwenye bakuli mbuzi akiwa bado anarusha miguu. Sisemi tuache kisusio. Mimi mwenyewe nakinywa, tena cha moto. Kirusi hiki kinakufa kikipikwa sawasawa. Hatari iko kwa anayekinga, anayechuna, na mtoto anayeshika mguu wa mbuzi asirushe teke, wote mikono mitupu na mara nyingi na vidonda vya panga la majani. Chanjo ya binadamu iliyoidhinishwa hakuna, ingawa kuna inayofanyiwa majaribio, na watafiti wa Kilifi, Kenya, wamo kwenye kazi hiyo. Ya mifugo ipo, ila inapaswa kutolewa mapema. Kirusi kikishaingia bondeni, sindano inayotoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine inaweza kukisambaza yenyewe.

Mradi ninaoufanyia kazi sasa umeweka mrejesho kwenye bajeti. Tuliupigania kwenye kikao kirefu cha kuchosha, sitakisimulia. Sasa kila aliyetoa sampuli anapigiwa simu, hata kama jibu ni kwamba hatukukuta kitu, na kila kata tunakaa na wafugaji ofisini kwa mtendaji. Watu wanakuja. Wanauliza maswali magumu kuliko ya wafadhili. Mmoja aliuliza kwa nini damu inapelekwa mbali wakati Moshi kuna chuo kizima cha udaktari, na mkuu wangu akaanza kukohoa.

Namba yangu imesambaa mpaka kwa watu nisiowajua. Desemba iliyopita, sikukuu imekaribia, alinipigia mzee mmoja wa Uru. Mbuzi wake wa Krismasi amenyong'onyea, hajala tangu jana, puani kunamtoka uchafu, na wajukuu wameshashuka kwenye basi.

"Mwanangu, tumuwahi kabla hajafa?"

"Hapana, babu. Msimchinje, msimguse. Mfungeni peke yake, nakuja."

Alikaa kimya kidogo, nikasikia watoto wakipiga kelele nyuma yake. Kisha akasema sawa, atanisubiri, ila nije na mbuzi mwingine.