Kiti cha Mpiga Dramu

Bendi yetu ilikuwa na watu watano, na kwa miaka minne mpiga dramu alikuwa yuleyule. Yeye na mimi ndio tulioianzisha, tukiwa wawili tu na gitaa moja, kabla hajapata hata dramu za kupiga. Wenzetu watatu walijiunga baadaye. Kazi ya kumwondoa iliniangukia mimi, na kabla sijaifanya kama ilivyostahili niliifanya vibaya, kwa siri, nikiwa pamoja na wenzangu.

Kasoro yake katika muziki ilikuwa moja: alikuwa anakimbiza. Jioni moja nilirekodi mazoezi kwa simu, na usiku nikakaa na kipima mapigo nikifuatisha wimbo ambao tulikuwa tumeupanga uende kwa mapigo 96 kwa dakika. Ulianza sawasawa, ukafika 100 kwenye kiitikio cha kwanza, na ulipokuwa unamalizika ulikuwa umeshafika 108. Kwenye karatasi hizo ni tarakimu tu, lakini jukwaani maana yake ni kwamba mwimbaji anameza maneno kwa kukosa pa kuvutia pumzi, na mpiga gitaa la besi, ambaye kazi yake ni kushikana na mguu wa mpiga dramu pigo kwa pigo, analazimika ama kukimbia naye ama kubaki nyuma na kuuacha wimbo upasuke katikati. Msikilizaji huenda asiweze kutaja kilichoharibika, ila mwili wake unajua, na ndiyo sababu watu waliokuwa wakicheza huanza kurudi kwenye viti vyao mmoja mmoja.

Kosa letu sisi lilikuwa kubwa zaidi. Kwa karibu mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyemwambia jambo hilo kwa maneno yaliyonyooka. Tulimwambia, "Leo ulichangamka kweli," naye akicheka, kwa kuwa alidhani anasifiwa. Mtu hawezi kurekebisha kasoro ambayo kila siku anatajiwa kwa jina la sifa, na ninaamini kabisa kwamba kama tungemwekea ile rekodi asikilize mapema, akafanya mazoezi na kipima mapigo sikioni kwa miezi michache, pengine nisingekuwa na habari hii ya kusimulia.

Maji yalipozidi unga tulikutana wanne bila yeye. Mpiga besi alishauri tusimwambie kitu: tuhamishe siku ya mazoezi, tusimjulishe, mwishowe ataelewa mwenyewe. Nilishtuka, lakini sikupinga kwa nguvu niliyopaswa kuwa nayo. Tukafanya lililo baya zaidi. Tulimwita kijana mmoja aliyesifiwa kwa kutulia kwenye mwendo, tukamjaribu jioni ya Jumanne katika chumba chetu cha mazoezi, akizipiga dramu zilezile ambazo mwenzetu alizinunua kwa fedha zake na kuziacha pale kwa kutuamini.

Alhamisi mwenye dramu alifika kama kawaida. Aliketi, akainuka, akakitazama kiti. Yule kijana alikuwa mfupi kuliko yeye, na alikuwa ameshusha kiti na kuyasogeza matoazi karibu, nasi katika haraka ya kufunga chumba hatukukumbuka kurudisha kitu mahali pake. Hakuuliza. Alilegeza skrubu, akakipandisha kiti taratibu, akakipima kwa goti, akakaza tena, kisha akarudisha matoazi nyuma, moja baada ya jingine. Jioni ile alipiga vizuri kuliko siku zote, hakukimbiza hata kidogo, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Usiku huo sikulala. Nilikuwa nimesoma zamani juu ya The Beatles, bendi ya Uingereza, walivyomwondoa Pete Best, aliyekuwa amewapigia dramu kwa miaka 2: tarehe 16 Agosti 1962 meneja wao, Brian Epstein, alimwita ofisini akamwambia kwamba Ringo Starr anachukua nafasi yake, na wenzake watatu hawakuwepo chumbani. Nilipokuwa kijana niliisoma habari hiyo kama historia ya watu waliofanikiwa. Usiku ule niliisoma upya kichwani, na kilichoniuma hakikuwa uamuzi wao, kwani bendi ina haki ya kuchagua sauti yake. Kiliniuma kile chumba kisicho na wenzake. Ushauri wa mpiga besi nao haukuwa mgeni katika muziki. Januari 1968 Pink Floyd, bendi nyingine ya Uingereza, walikuwa njiani kwenda kupiga, wakaamua tu kutompitia Syd Barrett, mtu ambaye hadi hapo ndiye aliyewatungia nyimbo nyingi. Sikutaka kumfanyia rafiki yangu jambo la namna hiyo, na tayari nilikuwa nimelifanya nusu yake.

Asubuhi niliwaambia wenzangu kwamba naenda kumwambia mwenyewe, ana kwa ana, na kwamba nitasema "tumeamua", si "wameamua". Nilimkuta nyumbani. Nilianza kwa utangulizi mrefu wa miaka minne na urafiki wetu, akaninyamazisha kwa mkono.

"Ndugu yangu, umekuja kuniambia. Niambie."

Nikamwambia kwamba tumeamua kuwa na mpiga dramu mwingine, na kwamba sababu ni mwendo. Nikamwomba radhi kwa jambo la Jumanne kabla hajalitaja. Akauliza kama bado kuna nafasi ya kurekebisha. Hapo ndipo nilipoona jinsi huruma inavyoweza kuwa ukatili, kwa maana ulimi wangu ulikuwa tayari kusema "tutaona", neno ambalo lingemfanya angoje simu ambayo haitapigwa. Nilisema hapana, uamuzi umekwisha fanyika. Akauliza, "Na wewe pia?" Nikajibu kwamba na mimi pia. Tulikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo sina jibu lake: "Ningependa ungeniambia nilipokuwa bado naweza kusikia."

Yaliyobaki yalikuwa ya kupanga, na nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ili yasije yakazua ugomvi baadaye. Nyimbo mbili tulizotunga pamoja zitaendelea kuwa na jina lake, na sehemu yake ya mapato ataipata kila zinapoingiza kitu, kwa kuwa kutoka kwenye bendi hakumwondolei mtu utunzi wake. Mchango wake kwenye amplifaya ya pamoja tutamrudishia. Onyesho lililokuwa mbele yetu wiki tatu baadaye nilimwachia achague. Alikataa, na sikumbembeleza, maana kumtaka mtu uliyemwondoa apande jukwaani kuaga huku akitabasamu ni kumtumia mara ya pili. Tulitia saini sote wawili.

Kwenye tangazo ndipo alipokuwa mkali. Nilikuwa nimeandika kwamba ameondoka kwa sababu zake binafsi, nikidhani ninamsitiri. Alichukua kalamu akafuta maneno hayo. "Sina sababu binafsi mimi," alisema. "Andika kwamba bendi imeamua kubadilisha mpiga dramu, unishukuru kwa miaka minne, basi." Ndivyo lilivyotoka, mistari miwili, na nikagundua kwamba maneno niliyoyaita ya kumsitiri yalikuwa yametungwa ili kutusitiri sisi.

Jumamosi alikuja kuchukua dramu zake. Niliwaomba wenzangu wote wawepo, nao wakaja, hata mpiga besi, ambaye alimwomba radhi kwa sauti ndogo na kupokea mkono wake. Tulizifungua kimya kimya, tukabeba kipande kimoja kimoja hadi garini: dramu kubwa ya mguu, zile ndogo, matoazi ndani ya mifuko yake. Mimi nilibeba kiti. Nilipokigeuza ili kiingie mlangoni, niliona kwenye chuma chake, pale panapokazwa skrubu, mstari mwembamba wa wino mweusi ambao haukuwepo zamani, umezungushwa kwa uangalifu hadi ncha zake mbili zikakutana. Ulikuwa kwenye kimo chake yeye.