Siku moja saiba Kilifi: mwezi wa kusi au wa kaskazi?

Wengi wakituona nyuma ya kompyuta hudhani kazi yetu ni kubonyeza na kupokea hela. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na likizo ndefu nafanya kazi saiba, yaani duka la kompyuta na mtandao, hapa Kilifi mjini, pwani ya Kenya. Bima mpya ya afya, karo ya chuo, kodi: mambo ambayo bungeni na redioni yanapigiwa kelele, kwetu huja yakiwa visanduku vya kujazwa. Nataka mjue kinachotokea kati ya swali na jibu.

Saa 1 asubuhi. Kuangalia tokeni za stima zimebaki ngapi, kuwasha mtandao, kupepeta karatasi zisikwame, maana unyevu wa pwani huzigandisha usiku.

Saa 2. Wa kwanza ni watu wa SHA, bima mpya ya afya ya serikali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa habari za nyumba: paa la nini, choo cha aina gani, mnapikia nini, mwanga unatoka wapi, mifugo mingapi. Majibu hayo ndiyo hukadiria mchango wake. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hesabu yake hufanywa kwa mwaka, yaani 3,600. Tabu huanzia kwenye paa. Mjane anayeishi katika nyumba ya mabati na sakafu ya vigae iliyojengwa na kaka aliye Uarabuni anajibu kweli tupu, na kweli hiyo inamwonyesha ana uwezo asio nao. Mimi husoma swali lilivyo, nalieleza kwa Kiswahili au Kigiriama, kisha nanyamaza. Simwambii mtu aandike makuti palipo na mabati. Lakini nasema wazi kwamba kuuliza paa hakukuambii nani analeta unga.

Saa 3 na nusu, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Malipo ni 1,050, zile 50 zikiwa ada ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Fomu ya C24, ile ya alama za vidole, lazima ichapwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Ikitoka kwenye karatasi mbili, mteja atarudishwa pale pa alama za vidole na nauli yake imekwenda.

Saa 4 ndipo wanapoingia waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao, na hapo saa huacha kuwa na maana. Ombi moja la ufadhili wa serikali wa karo ya chuo likienda vizuri ni dakika 40. Siku nyingi haliendi vizuri.

Anayeomba aje na kitambulisho, au cheti cha kuzaliwa kama hajafika miaka 18, nambari za mtihani wa darasa la nane (KCPE) na wa kidato cha nne (KCSE) pamoja na miaka yake, picha ya pasipoti, nambari za vitambulisho na simu za wazazi. Mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo. Kikwazo cha kwanza ni laini ya simu. Mfumo unataka laini iliyosajiliwa kwa jina la mwanafunzi, naye tangu darasa la nane ametumia laini ya mama. Cha pili ni ujumbe wa uthibitisho unaoingia kwenye simu iliyoachwa nyumbani kwenye chaji, na muda wake unakwisha kabla mtu hajapigiwa asome. Cha tatu ni baruapepe iliyofunguliwa na saiba nyingine, neno la siri halijulikani. Ndiyo maana kila neno la siri naliandika kwenye daftari la mwanafunzi mwenyewe, si langu.

Halafu linakuja swali la mapato ya mzazi kwa mwezi. Mzee mvuvi aliyekaa kando ya binti yake aliniuliza, "Mwezi gani, mwanangu? Wa kusi au wa kaskazi?"

Swali lake ni sahihi kuliko la fomu. Maombi hujazwa zaidi Julai na Agosti, wakati kusi, upepo wa kutoka kusini unaochafua bahari, imekaza na vyombo vidogo havitoki. Chukua mvuvi anayebakiwa na 28,000 kwa mwezi wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, baada ya kutoa mafuta, barafu na fungu la mwenye chombo, na 4,000 mwezi wa kusi. Kwa madaraja ya ufadhili ya mwaka 2024, akisema 4,000 anaangukia daraja la 1, ambalo ni la familia zenye mapato yasiyozidi 5,995 kwa mwezi. Akisema 28,000 ni daraja la 3, linaloishia 70,000. Ukichukua miezi 6 na 6, ukajumlisha na kugawa kwa 12, unapata 16,000, na hilo ni daraja la 2, lisilozidi 23,670. Si takwimu hii peke yake inayoamua, ila tofauti ya madaraja si ndogo. Kwa viwango hivyo vya 2024, kozi ya 200,000 kwa mwaka, familia ya daraja la 1 ilitakiwa kulipa asilimia 5, yaani 10,000. La 2 ni asilimia 10, 20,000. La 3 ni asilimia 20, 40,000. Kabla ya mfumo huu wa ufadhili ulioanza 2023, mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya 16,000 kwa mwaka, chochote alichovua baba yake.

Kwa hiyo tunahesabu. Karatasi, kalamu, mwezi baada ya mwezi, binti anajumlisha, mzee anamsahihisha. Nyuma yao foleni inanuna. Mmoja anataka fotokopi tu ya shilingi 10 na ananiambia mimi ni mzembe. Namhudumia, narudi, nakuta ukurasa umefungwa kwa kukaa kimya muda mrefu. Tunaanza upya. Kila sehemu uhifadhi kabla ya kusonga, la sivyo hilo ndilo litakalokupata.

Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huu unakiuka Katiba, kesi ikaenda rufaa. Watu huniuliza, basi kwa nini bado tunajaza? Kwa sababu chuo kinataka malipo mwezi wa kuripoti, na kesi haina mwezi.

Mchana sikumbuki nilikula saa ngapi. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika. Kwenye benchi wanaosubiri walikuwa wakibishana juu ya tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bunge, na kesho yake Rais akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya. Wazee wanasema ilikuwa fujo. Nakataa. Vijana waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, na wengine hawakurudi kwao wakiwa hai. Lakini wenzangu hao hao naona wengi hawajajiandikisha kupiga kura, na uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Hilo saiba haiwezi kukumalizia. Unabeba kitambulisho, unakwenda ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge, unaweka vidole vyako mwenyewe. Kila anayekuja kuchapa kitu akiwa na kitambulisho kipya namwambia, hata akikereka.

Giza limeingia. Macho yanawasha, mgongo unauma. Kazi ya mwisho ndiyo nisiyoiruka: kufuta vitambulisho na vyeti vyote vilivyobaki kwenye kompyuta, kumwaga na pipa la takataka lake, kutoka kwenye kila baruapepe. Zile ni siri za watu. Karatasi ya hesabu ya yule mzee haikubaki mezani. Binti aliikunja akaitia ndani ya daftari lake, pamoja na risiti na nambari ya ombi.