Mapafu Msiyatupe

Asubuhi za Julai hapa Njombe, nguruwe akipasuliwa hutoa mvuke kama chungu kilichofunuliwa. Vijana wa karo letu la kuchinjia hugombania kazi ya kutoa matumbo kwa sababu mikono inapata joto. Mimi, daktari wa mifugo ninayekagua nyama, nasimama upande wa pili wa meza na kisu, ndoano na ndoo ya maji safi, nikisema neno lile lile la kila siku: "Mapafu yangu." Wameshanizoea. Wanajua nisipoyapata yakiwa mazima, yameshikana na koo la hewa na moyo, mhuri haugongwi.

Mapafu ya nguruwe kwetu hayana bei. Ini lina mteja, figo zina mteja, hata utumbo una watu wake. Mapafu yanaishia shimoni, au mtu anamtupia mbwa pembeni ukigeuka. Kinachoniuma ni kwamba hiyo ndiyo barua pekee ambayo mnyama ameiacha kwa mfugaji wake, na inatupwa haijasomwa.

Wiki ya pili ya Julai mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka vijiji vya njia ya Makambako, ameleta nguruwe mmoja kati ya 12 alionao. Miezi 7, kilo 52. Kwa umri huo na pumba zile alitakiwa awe anakaribia 90. Tukaamkiana kamwene, kamwene, kisha akasema bila kuzunguka, "Daktari, hawa wanakula kama gunia lililotoboka. Hawanenepi. Na wote wanakohoa."

Nikamwomba aniigizie kikohozi chenyewe. Akaigiza, wachinjaji wakanyamaza kumsikiliza. Kikavu, cha mfululizo, mara saba au nane bila kupumzika, tena asubuhi anapowaamsha kwenye majani. Mnyama anakaa kitako kama mbwa, anakohoa mpaka amalize, halafu anakwenda kula. Hakuna aliyekufa. Wiki 3 alikuwa akiwadunga penisilini aliyoelekezwa dukani, na pesa ilikuwa imeanza kumwishia.

Mapafu yakawekwa mezani. Kabla ya kukata huwa naangalia tu, maana kisu kikishaingia ramani imeharibika. Pafu la kulia la nguruwe lina vipande vinne, la kushoto tunalihesabu vitatu. Pafu zima lina rangi ya waridi iliyopauka, ni jepesi, ukilibonyeza linanyanyuka lenyewe kama sifongo. Sehemu kubwa ya nyuma ya mapafu yale ilikuwa hivyo hasa, nzuri kabisa. Lakini vipande vya mbele, kwa chini, pande zote mbili, vilikuwa na rangi ya zambarau, na mpaka kati ya kibovu na kizima umechorwa waziwazi, kama kitambaa kilichochovywa ncha kwenye wino. Nikaminya pale penye zambarau. Haikuwa sifongo tena, ilikuwa nyama. Nikakata, nikabana, makamasi mazito meupe yakachungulia kwenye vijia vya hewa. Kipande cha pale nikakitia kwenye ndoo kikazama moja kwa moja. Cha nyuma kikaelea.

Nikamwita yule mama asogee. Kuna wenzangu hawapendi mfugaji aje mezani, wanasema anachelewesha kazi. Mimi naona kazi yenyewe ndiyo hiyo. Nikamwekea vipande viwili mkononi, kimoja cha kuzama na kimoja cha kuelea. Aliviminya kwa muda mrefu, akasema taratibu, "Kumbe alikuwa anahemea nusu."

Jambo la kwanza ninalomfundisha kila kijana anayekuja kufanya mazoezi kwetu ni kutazama ugonjwa umekaa wapi kabla ya kuuliza unaitwaje. Ulioingia kwa njia ya hewa na kujijenga polepole hukaa mbele na chini, kwa sababu mnyama wa miguu minne uchafu wa mapafu yake hutelemkia huko, na kuutoa huko ni kazi ngumu. Uliokuja kwa njia ya damu hutawanyika mapafu mazima, nayo yanakuwa mazito, yanakataa kunywea hata kifua kikishafunguliwa, na alama za mbavu unaziona juu yake. Ukikuta nyuma na juu, karibu na kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, pamekuwa pagumu, peusi kwa damu, na utando wa njano umeligandisha pafu kwenye mbavu, hapo uwe macho: kuna bakteria anaua nguruwe mnene aliyekula vizuri jana, na asubuhi anakutwa na povu la damu puani.

Wa yule mama ulikuwa wa mbele na chini. Natumia hesabu iliyoandikwa Ufaransa mwaka 1982, kila kipande kinapewa alama 0 hadi 4 kulingana na ukubwa wa eneo lililoharibika, vipande 7, jumla 28. Wake alipata 13. Nilishuku maikoplasma, kijidudu kinachong'ang'ania vinywele vya njia ya hewa, vile vinavyofagia uchafu kuupandisha juu, na kuviua. Ufagio ukishakufa, bakteria wengine wanaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Maikoplasma hana ukuta wa nje kama bakteria wengi walivyo, na penisilini inafanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta huo. Kwa hiyo wiki 3 zile dawa ilikuwa inatafuta ukuta usiokuwepo.

Nasema nilishuku, kwa sababu jicho na kidole havitoshi. Hata mafua ya nguruwe hupenda kukaa mbele na chini. Nilichukua vipande pale kwenye mpaka wa kibovu na kizima, siyo katikati ya kibovu ambako kila kitu kimeshaoza, unene usiozidi sentimita 1, nikavitia kwenye fomalini ya asilimia 10, dawa ya kuzuia nyama isioze, nayo iwe mara 10 ya nyama. Vingine vibichi vikaenda na barafu kwenda maabara ya mifugo Iringa. Vya fomalini nilimpelekea mwenzangu tuliyesoma wote Morogoro, ambaye kazi yake ni kuvisoma kwa hadubini. Alinipigia simu usiku, ana furaha ya mtu aliyepata anachokitafuta: chembe nyeupe za damu zimezunguka vijia vya hewa kama kola ya shati. Ilikwenda sawasawa na tulichokiona mezani.

Nikaenda bandani. Macho yaliniwasha kabla sijafika mlangoni. Kwa ajili ya baridi ya Juni alikuwa amefunika kila upenyo kwa turubai, akiwahurumia, na mkojo wa nguruwe 12 ulikuwa unapanda hewa na kukosa pa kutokea. Nafasi yenyewe ni ya nguruwe 6. Aliwanunua Aprili kwa watu watatu tofauti, akawachanganya siku hiyo hiyo. Mmoja alikuja na ugonjwa, na tusingeweza tena kujua ni yupi. Tulifungua turubai kwa juu, chini ya bati, tukaacha limezibwa kwa chini wasipigwe na upepo wakilala. Akagawa banda. Waliozidiwa walipata dawa inayomfikia kijidudu huyo, na tarehe ya mwisho ya sindano nikaiandika kwa chaki mlangoni ili mtu asiwachinje kabla siku za kusubiri dawa itoke mwilini hazijaisha.

Sijawa hodari hivi siku zote. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea mapafu yenye madoa mekundu kwa nyuma, nikamwambia mzee mmoja kwa uso mkavu kwamba ana ugonjwa ule wa kuua ghafla. Alikwenda nyumbani akauza nguruwe wake wote 9 kwa bei ya kutupa, siku hiyo hiyo. Mwezi uliofuata nikaona madoa yale yale kwenye nguruwe wa mtu mwingine, na safari hii nikashika. Yalikuwa laini. Yalielea. Hakukuwa na utando wowote, na wekundu wenyewe ulikuwa mbichi, umejichora katika vijumba vidogovidogo vyenye kingo. Ilikuwa damu ya kisu tu: mnyama akichomwa vibaya shingoni na koo la hewa likaguswa, anavuta damu yake mwenyewe katika pumzi za mwisho. Nilikwenda kwa mzee yule kumwambia nilikosea. Alinikaribisha, akanipa chai, akaniuliza kama nimeshajifunza namna ya kutofautisha. Banda lilikuwa tupu. Tangu siku ile sitamki jina la ugonjwa kabla ya vidole na ndoo.

Nguruwe wanaozurura wana hadithi yao. Angalia ncha za nyuma kabisa za mapafu. Pakiwa pameinuka na kupauka, pasua kijia cha hewa, utaona minyoo myeupe kama uzi wa kushonea imejikunja humo. Aliipata kwa kula nyungunyungu. Na ini likiwa na madoa meupe kama limedondokewa na uji, rudi kwenye mapafu: mabuu ya minyoo mikubwa ya tumbo hupita kwenye ini kisha mapafuni, na kikohozi cha nguruwe wadogo mara nyingi ni safari hiyo.

Kuna mahali ambapo nasimamisha kisu. Bandama ikiwa imevimba na kuwa nyeusi, tezi za karibu na tumbo na figo zikifanana na damu iliyoganda, mapafu yamejaa maji na povu, hapo siandiki alama za mapafu tena. Hiyo nashuku homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na hapa kwetu haina tiba wala chanjo. Haimpati binadamu, lakini kipande cha nyama kikitoka karoni kinaweza kumaliza mabanda ya kata nzima. Kwa hiyo wafugaji mnaosoma hapa, nguruwe akifa ghafla nyumbani, tena zaidi ya mmoja, msimpasue mtafute mapafu kwa sababu mimi nimeyasifu. Piga simu kwa afisa mifugo, mfunike, asiguswe.

Yule mama alirudi Oktoba na nguruwe wa tatu. Kilo 94. Alikuwa ameshavaa magwanda ya mvua na kusimama upande wangu wa meza kabla mnyama hajapasuliwa, na kijana alipoinua mapafu, yeye ndiye aliyesema, "Yangu." Yalikuwa ya waridi mbele na nyuma. Akapitisha kidole gumba kipande kwa kipande kama nilivyomwonyesha, mpaka kwenye kile cha kati cha kulia akasimama. Palikuwa na mkunjo mwembamba wa kijivu, umeingia ndani kidogo kama alama ya pindo lililofumuliwa.

"Hii nini, mwanangu?"

"Hiyo ni Julai, mama. Ndivyo inavyopona."

Akauminya tena. Akaniomba kalamu, akaandika kwenye daftari lake la pumba: kovu 1.