Saa kumi na mbili ya Chausiku

Salaam ndugu zangu. Watu wa nyumbani wananiuliza huko Kanada unafanya kazi gani hasa, nikiwaambia nalea paka walemavu wanadhani nawaficha kitu, sa leo wacha nieleze kwa kirefu maana mambo ya huyu paka wangu yamenijaa moyoni.

Mi niko Ontario, nje kidogo ya Guelph. Huu mji una chuo cha madaktari wa wanyama cha zamani sana, Ontario Veterinary College, kilianzishwa Toronto 1862 kikahamia huku 1922, kwa hiyo mnyama akiumwa hapa hakosi mtu wa kumtazama. Shelta yetu inachukua wale paka ambao kwingine hawapati wa kuwachukua, kuna vipofu, kuna wa kisukari wanaodungwa insulini asubuhi na jioni, kuna wawili wanatembea wanayumba kama wako kwenye dau siku ya kusi kali, hao mama yao alipata virusi akiwa na mimba, ule ubongo mdogo wa nyuma haukukua sawasawa, na chanjo ya dola chache tu ingezuia. Hawaumwi popote, hawaambukizi mtu, wanaishi miaka yao kama paka yeyote, ila sahani yao lazima iwe nzito isipinduke.

Lakini wangu mimi ni Chausiku. Kwenye faili ana jina la kizungu, mimi nimempa hilo kwa vile mweusi tii hana hata doa. Aligongwa na gari, uti wa mgongo ukaumia, kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari, miguu ya nyuma anaikokota kama khanga iliyofunguka.

Nafika saa kumi na mbili asubuhi, nje bado kiza, Januari theluji mpaka magotini, na yeye keshanisikia mlangoni analia. Kitu cha kwanza si chakula, kitu cha kwanza ni kumkamua. Yani mkojo hautoki wenyewe, mishipa inayomwambia kibofu fungua ilikatika, kwa hiyo kuna mtu lazima autoe kwa mkono mara tatu kwa siku, saa kumi na mbili, saa nane mchana, saa nne usiku. Namweka juu ya taulo, mkono mmoja unamshika kifuani, mwingine unapita chini ya tumbo unatafuta, kibofu kikijaa unakihisi kama ndimu, unakibana polepole kuelekea mkiani, bila kushtua, unabana hivo hivo mpaka ile ndimu inapotea mkononi. Wiki ya kwanza nilikuwa natetemeka, maana ukibana kwa nguvu wakati njia imeziba kinaweza kupasuka. Sa hivi namkamua huku namhadithia mambo ya nyumbani naye anakoroma.

Afu naangalia rangi na harufu, ukiwa na ukungu au harufu kali ujue maambukizi yanaanza, na paka wa hivi hupata maambukizi mara kwa mara. Namuosha kwa maji ya vuguvugu, namkausha vizuri kabisa kwa sababu mkojo ukikaa kwenye ngozi unaiunguza, nakagua magoti kama yamechubuka, ndo maana chumba chake chote tumetandika zulia laini. Choo kikikataa napewa ruhusa ya kumchanganyia kijiko cha malenge kwenye chakula, anakipenda mpaka analamba kijiko chenyewe.

Kuna watu wananiambia si wangemdunga tu sindano apumzike. Mi nawaheshimu, na wale wanaoteseka kweli hudungwa, nimewashika mwenyewe mikononi mpaka mwisho. Lakini njoo umuone Chausiku akipanda ile ngazi ya mteremko kwenda dirishani, mabega yake yamejaa kama ya mchukuzi wa bandarini, anamfukuza paka mwenye miguu minne mizima kutoka kwenye jua, akishalipata analala chali. Huyo anataka kuishi jamani, anachotaka kwako ni mkono na saa.

Nilipomwambia mamangu kwa simu alinyamaza kidogo, akauliza, "Mwanangu, mkojo wa paka, kwa mikono yako?" Nikamwambia ndio mama, na glavu. Akanikumbusha Abu Huraira, sahaba wa Mtume, alivyopewa jina lake kwa ajili ya kipaka, na yule mwanamke wa kwenye hadithi aliyemfungia paka bila chakula akaingia motoni. Akasema basi mkamue vizuri.

Sikumwambia nilichokuwa nafikiria. Nilipokuwa mdogo pale kwetu Langoni, Lamu, punda alimpiga teke paka wetu wa manjano, akawa anajikokota vivi hivi. Sisi watoto tulimpenda, tulimlaza kwenye baraza juu ya gunia, kila mtu akaleta kichwa cha samaki, mmoja akaleta maziwa kwenye kifuu. Siku ya kwanza alikula. Siku ya pili akawa analia usiku kucha. Nakumbuka nilimshika tumbo lilikuwa gumu kama mpira nikasema ameshiba, na siku ya nne asubuhi tukamkuta ameshakufa. Miaka yote niliamini teke ndo lilimuua. Siku ya kwanza nilipofundishwa kumkamua Chausiku, mkono wangu ulipogusa ile ndimu niliijua wallahi, nikatoka nje kwenye baridi nikalia. Mkojo ukikwama sumu inarudi kwenye damu, moyo unasimama. Hatukujua, tulimlisha tu.

Wiki hii Chausiku ana maambukizi tena, yuko kwenye antibayotiki, juzi hakugusa chakula kabisa, nikakaa naye sakafuni mpaka shifti ya usiku ikaingia. Jana kala nusu kopo. Leo mchana nilipotoka alikuwa kwenye mteremko, nusu ya njia, amepumzika, anaangalia dirisha.

Usiku huu zamu ni yangu, saa tatu na nusu sasa, navaa viatu vya theluji niende nikamkamue.